Umeme umefika Ukambani, lakini nani ajuaye kilichomo darini?

KATIKA mwongo mmoja uliopita, sura ya vijiji vya Kitui na Makueni imebadilika. Nguzo za umeme, ambazo zamani zilionekana kandokando ya barabara kuu na karibu na masoko pekee, sasa zimepenya hadi mashambani, zikavuka mito ya mchanga na kupanda vilima. Mita za kulipia kabla zimefungwa katika nyumba ambazo wenyewe walizoea koroboi na, baadaye, taa ya sola.

Hilo ni jambo la kushangiliwa. Hata hivyo, mafanikio hayo yamepimwa kwa hesabu ya nguzo, transfoma na mita. Hakuna anayehesabu yaliyomo juu ya dari, mahali ambapo fundi mmoja huunganisha nyaya na kwenda zake, na miaka michache baadaye mtu mwingine akapanda ngazi kubadilisha taa bila kujua yule wa kwanza alifanya nini.

Kazi yenyewe huonekana ndogo. Taa ya zamani inatolewa, mpya inawekwa, nyaya mbili au tatu zinaunganishwa, basi. Mtu ambaye hawezi kuthubutu kufungua mita wala kugusa nguzo hujiona ana uwezo kamili wa kubadilisha taa ya sebuleni. Ndiyo maana taa ya darini ni mojawapo ya sehemu za umeme zinazoguswa zaidi na mikono isiyofunzwa.

Hoja ya makala haya ni moja: rangi ya waya haithibitishi kazi ya waya. Rangi ni kauli ya aliyeuweka, na kauli hiyo huweza kuwa ya kweli, ya kizamani, au ya uongo. Serikali kuu na serikali za kaunti, ambazo zimetumia nguvu nyingi kuufikisha umeme mlangoni, hazina budi sasa kujali yaliyo ndani ya mlango huo.

Umeme uliopita juu ya vichwa

Wakazi wa eneo hili wana kila sababu ya kuupokea umeme kwa mikono miwili. Bwawa la Kiambere, lililo kwenye mpaka wa Kitui na Embu katika Mto Tana, lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1988. Laini ya msongo wa juu kutoka hapo hadi Rabai, karibu na Mombasa, ilipita juu ya ardhi ya Kitui huku wanaoishi chini yake wakiendelea kununua mafuta ya taa kwa chupa. Makueni nayo ilishuhudia hali iyo hiyo kandokando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa.

Mpango wa serikali wa kusambaza umeme mashambani ulianzishwa mwaka wa 1973, lakini kwa miaka mingi ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Kawi ya 2006 ilizaa Mamlaka ya Usambazaji Umeme Mashambani, ambayo baada ya Sheria ya Kawi ya 2019 iligeuka kuwa shirika la REREC. Shule za msingi za umma ziliunganishwa kwa wingi kati ya 2013 na 2016 kwa ajili ya mradi wa kompyuta za wanafunzi, na katika vijiji vingi nguzo ya kwanza ilifika kwa kupitia uwanja wa shule.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka wa 2015 kwa mradi uliojulikana kama Last Mile, uliopunguza ada ya kuunganishiwa umeme kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000 kwa waliokuwa karibu na transfoma. Wateja wa Kenya Power, waliokuwa takriban milioni 2.3 mwaka wa 2013, walikuwa wamepita milioni 9 kufikia mwaka wa 2023. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 50.4 ya nyumba nchini zilitumia umeme wa gridi kwa mwanga.

Kasi hiyo haitarajiwi kupungua. Mnamo Januari 2025, viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuunga mkono mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani kufikia mwaka wa 2030. Sehemu ya watu hao wamo katika kaunti kama Kitui, yenye zaidi ya kilomita mraba 30,000 na wakazi 1,136,187 kwa mujibu wa sensa ya 2019, na Makueni yenye wakazi 987,653.

Swali basi ni hili: kila nyumba inayounganishwa, nani anahakikisha kwamba mwenyewe ataweza kubadilisha taa miaka mitano baadaye bila kuhatarisha maisha yake?

Rangi za enzi mbili

Kenya ilirithi mfumo wake wa umeme wa nyumbani kutoka Uingereza: volti 240, plagi ya pini tatu bapa, na rangi za nyaya. Katika rangi hizo za zamani, waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, ulikuwa mwekundu. Waya wa kurudisha umeme, yaani nyutro, ulikuwa mweusi. Waya wa ardhi, yaani athi, ulikuwa wa kijani au wa kijani chenye mistari ya manjano.

Uingereza yenyewe iliachana na rangi hizo ili iwiane na mataifa mengine ya Ulaya. Kuanzia Machi 31, 2004, mafundi wa huko waliruhusiwa kutumia rangi mpya katika nyaya za nyumba, na kuanzia Aprili 1, 2006 ikawa lazima: kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, na kijani na manjano kwa athi. Nyaya za vifaa kama pasi na redio zilikuwa zimetangulia kubadilika miaka mingi kabla ya hapo.

Nchini Kenya, rangi za enzi zote mbili zinaishi pamoja. Waya mwekundu na mweusi ungali umejaa katika nyumba na madukani, ilhali taa mpya kutoka ng'ambo huja na nyuzi mbili fupi, moja ya kahawia na nyingine ya bluu. Mwenye nyumba akipanda ngazi, mkononi ana kahawia na bluu, na darini anakuta nyekundu na nyeusi. Hapo ndipo kubahatisha huanza.

Kwa nyumba ya kawaida iliyofungwa vizuri, tafsiri ni nyepesi: kahawia huenda na nyekundu, bluu huenda na nyeusi. Hatari kubwa zaidi imo katika majengo yenye umeme wa feza tatu, kama vile shule za bweni, hospitali, makanisa makubwa na nyumba za kupangisha za ghorofa katika miji ya Kitui, Mwingi na Wote. Katika rangi za zamani, feza tatu zilikuwa nyekundu, manjano na bluu, na nyutro ikawa nyeusi. Katika rangi mpya, feza tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu.

Yaani, waya wa bluu uliokuwa na moto katika jengo la zamani ndio usio na moto katika jengo jipya, na waya mweusi uliokuwa salama sasa unaweza kuua. Jengo la zamani likiongezwa chumba kipya, rangi hizo mbili hukutana katika kisanduku kimoja zikisema mambo yanayopingana. Uingereza ililiona tatizo hilo na kuamuru tangazo la tahadhari libandikwe kwenye kisanduku cha umeme cha kila jengo lenye rangi za aina zote mbili. Karatasi kama hiyo haigharimu pesa nyingi, lakini ni kisanduku gani Makueni chenye tangazo la namna hiyo?

Kuna pia uongo mtupu wa umaskini. Waya vijijini huuzwa kwa mita. Fundi aliyeishiwa na mwekundu saa kumi jioni, ilhali duka la karibu lina mweusi pekee, humaliza kazi kwa mweusi. Taa huwaka, mwenye nyumba hulipa, na siri hiyo hufunikwa na dari.

Waya mweusi wenye moto

Hata pale fundi alipofuata rangi kwa uaminifu, dari ina mtego wake. Katika njia moja ya kufunga taa iliyozoeleka sana, umeme hufika kwanza darini, kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki ambamo nyaya huunganishwa, kabla ya kushuka hadi kwenye swichi ya ukutani. Waya wa kwenda kwenye swichi huwa na nyuzi mbili ndani ya ganda moja, nyekundu na nyeusi. Nyekundu hushusha umeme hadi kwenye swichi, na nyeusi huupandisha tena hadi kwenye taa pindi swichi inapowashwa.

Hivyo basi, waya huo mweusi si nyutro hata kidogo. Ni laivu iliyovaa kanzu ya nyutro. Kanuni zinamtaka fundi auvishe alama nyekundu kwenye ncha ili atakayekuja baada yake ajue. Lakini utepe hukauka kwa joto la chini ya mabati na kuanguka, au haukuwekwa tangu mwanzo.

Mtu asiyejua akifungua kikombe hicho, hukuta nyaya nyekundu mbili au tatu na nyeusi mbili au tatu. Hukata shauri kuziunganisha nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, kwa imani kwamba ndugu hawagombani. Akirudisha umeme, taa huwaka hata kama swichi imezimwa. Akiiwasha swichi, laivu na nyutro hugongana uso kwa uso. Kifaa cha kinga kikiwa kizima, umeme hukatika kwa kishindo. Ikiwa mtu aliwahi kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, moto huweza kuanza juu ya dari wakati familia imelala.

Kosa jingine ni la fundi aliyepitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Taa huwaka na kuzima kama kawaida, na kwa miaka mingi hakuna anayeshuku. Lakini swichi inapozimwa, moto hubaki umesimama darini ukimsubiri atakayegusa. Taa ya LED inayoendelea kutoa mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa inaweza kuwa ishara ya kosa hili. Si ishara ya hakika, kwa kuwa nyaya ndefu zilizolala sambamba nazo huweza kusababisha hali hiyo, lakini ni sababu tosha ya kumwita fundi.

Ndiyo maana kuzima swichi ya ukutani hakumtoshi anayepanda ngazi.

Sola iliyotangulia

Katika kaunti hizi mbili kuna jambo jingine lisilotajwa katika vitabu vya Ulaya. Kabla ya nguzo kufika, nyumba nyingi zilikuwa na sola. Tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza mwaka wa 2012 kuuza mitambo midogo ya kulipiwa polepole kwa simu, na wengine wakafuata, mwanga wa jua uliingia hata katika nyumba zilizo mbali kabisa na barabara.

Mitambo hiyo midogo hutumia umeme wa volti chache, takriban 12 au chini yake. Nyaya zake huwa nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Watoto wamezishika, akina mama wamezisogeza wakifagia utando wa buibui, na wazee wameziunganisha kwa meno na vidole. Hakuna aliyepata madhara, kwa sababu volti 12 haziwezi kwa kawaida kupenya ngozi kavu ya binadamu.

Sasa umeme wa gridi umeingia katika nyumba zizo hizo, na juu ya boriti moja zimelala jozi mbili za nyekundu na nyeusi. Moja ina volti 12, nyingine ina volti 240. Rangi ni zile zile. Mazoea yaliyojengwa na sola kwa zaidi ya miaka kumi yanaweza kumwua mtu kwa sekunde moja.

Wenye uwezo zaidi wamefunga betri na vifaa vya kubadili umeme wa sola uwe wa volti 240. Kwa nyumba kama hizo, kuzima swichi kuu ya Kenya Power hakuzimi taa zinazolishwa na betri. Kuna milango miwili ya umeme, na yote miwili sharti ifungwe.

Kinga isiyomkinga mtu

Wapo wanaodhani kwamba swichi ndogo za kinga kwenye kisanduku cha umeme zitawaokoa. Hesabu inakataa. Balbu ya LED ya wati 10 kwa volti 240 huvuta takriban miliampea 40. Vifaa vya kumlinda binadamu dhidi ya umeme unaovuja hutengenezwa kukata umeme ukifika miliampea 30, kwa kuwa kuzidi hapo moyo huwa hatarini. Kwa maneno mengine, umeme unaowasha balbu moja ndogo unatosha kumdhuru mtu mzima.

Swichi ya kinga ya taa, kwa upande wake, huwa ya ampea 6 hivi, yaani mara 200 ya miliampea hizo 30. Kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Mtu anaweza kutetemeka juu ya ngazi hadi akaanguka na swichi hiyo isitikisike. Kifaa cha kumlinda mtu ni kile cha miliampea 30, na si kila nyumba inacho.

Waya wa ardhi nao una shida yake katika ukanda huu mkavu. Ufito wa shaba unaochomekwa ardhini hutegemea unyevu wa udongo ili upokee umeme uliopotea. Ufito mfupi uliochomekwa wakati wa mvua za Novemba huweza kuonekana mzuri, lakini ifikapo Septemba, udongo wa Mutomo au Kibwezi ukiwa umekauka na kupasuka, uwezo wake hushuka. Taa yenye mwili wa chuma iliyofungwa bila athi, au kwa athi isiyofanya kazi, hugeuka kuwa waya mmoja mkubwa.

Isitoshe, Mkamba huvuna maji kwa paa. Mabati, mifereji na tangi la maji ndiyo hazina ya nyumba. Waya ulioguguna na panya au kuchunwa na msumari ukigusa mabati, umeme huenea paa zima hadi kwenye mfereji wa chuma. Mtoto anayekwenda kukinga maji hana habari kwamba kuna taa iliyobadilishwa vibaya jana.

Jinsi ya kuutambua waya bila kuhatarisha maisha

Kazi ya kufunga na kurekebisha nyaya ni ya fundi mwenye leseni, na makala haya hayamfanyi msomaji kuwa fundi. Lakini mwenye nyumba akiufahamu utaratibu, ataweza kumsimamia anayepanda ngazi na kumzuia anayeharakisha.

La kwanza ni kuzima swichi kuu, ile inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, na kuhakikisha hakuna mtu atakayeiwasha. Katika nyumba ya watoto wengi au ya wapangaji, mtu mmoja asimame hapo. Kama kuna betri na sola, nayo izimwe.

Kwisha kwa tokeni au kupotea kwa stima si kuzima umeme. Mnamo usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani, na umeme ulirudi eneo moja baada ya jingine kwa saa tofauti, bila kubisha hodi. Aliyekuwa ameshika nyaya kwa kudhani ana usiku mzima angeweza kushtukizwa wakati wowote. Vivyo hivyo, jirani au mwana aliye Nairobi anaweza kununua tokeni, na zikaingizwa wakati wewe ungali juu ya ngazi.

La pili ni kupima. Ile bisibisi ya kupimia yenye kijitaa ndani, ambayo mafundi huiita tesita, ni nafuu na hupatikana kila mahali, lakini haiaminiki yenyewe. Kijitaa huweza kuwa kimeungua, na mwanga wa mchana huweza kukificha. Chombo chochote cha kupimia kijaribiwe kwanza mahali penye umeme unaojulikana, kisha kipime nyaya za darini, kisha kirudishwe tena pale pa kwanza kuthibitisha kwamba bado ni kizima. Kipimo kisichopitia hatua hizo tatu ni dua tu.

Fundi anayetumia mita ya kupimia volti ana tahadhari yake pia. Kati ya laivu na nyutro mita husoma takriban 240. Kati ya laivu na athi husoma vivyo hivyo. Kati ya nyutro na athi husoma sufuri au karibu na hapo. Lakini nyaya mbili za laivu kutoka chanzo kimoja nazo husoma sufuri baina yao, ingawa kila mmoja unaweza kuua. Anayepima waya kwa waya pekee, bila kulinganisha na athi, anaweza kuitangaza jozi yenye moto kuwa salama.

La tatu ni kuweka kumbukumbu kabla ya kulegeza parafujo yoyote. Siku hizi karibu kila mkono una simu ya kupiga picha. Picha mbili za nyaya zilivyokaa, pamoja na vipande vya utepe vilivyoandikwa moja, mbili, tatu, huokoa saa nyingi za kubahatisha.

La nne ni kuutafuta ule waya wa swichi umeme ukiwa umezimwa, si ukiwa umewashwa. Nyaya zikishafunguliwa, fundi huweka mita kwenye sehemu ya kulia, akazigusa ncha mbili anazozishuku, na mtu mwingine akawasha na kuzima swichi ya ukutani. Jozi inayofanya mita ilie na kunyamaza kwa kufuata swichi ndiyo ya swichi. Njia hii haihitaji ujasiri wowote, na ndiyo inayofaa kusisitizwa katika kila chuo cha ufundi.

Baada ya hapo, waya mweusi uliogunduliwa kuwa laivu uvishwe utepe mwekundu au wa kahawia. Na pale nyaya zinapokuwa nyingi kuliko maelezo, au rangi zinapokataa kuafikiana na kipimo, dawa ni kushuka, kuziacha ncha zimefunikwa moja moja kwa konekta, na kumtafuta mwenye leseni.

Leseni mjini, kazi kijijini

Sheria haikunyamaza kuhusu haya. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutoa leseni kwa mafundi wa umeme kwa madaraja, kuanzia lile la C-2 hadi lile la A-1, na huchapisha orodha yao. Kabla ya nyumba kuunganishwa na gridi, fundi mwenye leseni hutakiwa kuidhinisha nyaya kwa cheti.

Tatizo ni kwamba cheti hutolewa siku ya kwanza pekee. Baada ya hapo nyumba huongezwa chumba, taa hubadilishwa, soketi huhamishwa, na hakuna anayerudi kukagua. Walioanza na ubao mmoja wenye soketi na balbu, kama ilivyokuwa kwa nyumba nyingi za Last Mile ambazo hazikuwa na nyaya, waliongeza wenyewe vyumba vilivyobaki kadiri pesa zilivyopatikana.

Anayefanya kazi hizo ni kijana wa kijijini, mara nyingi mwenye bidii na uzoefu, lakini asiye na leseni. Kumkamata hakutawasha taa ya mtu yeyote. Mkazi wa Tseikuru au Ikutha hawezi kumlipia nauli fundi kutoka mjini ili abadilishe taa moja, na anayesema vinginevyo hajawahi kusafiri barabara hizo.

Hapa ndipo kaunti zinapoingia. Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, ilizipa kaunti usimamizi wa vyuo vya ufundi vya vijijini, na pia usambazaji wa umeme katika maeneo yao na udhibiti wa kawi. Mamlaka hayo ya pili yamekuwa yakitumiwa zaidi kununulia taa za barabarani na za masoko. Yanatosha pia kugharimia mafunzo mafupi kwa vijana ambao tayari wanafanya kazi hii, kuwalipia ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, na kuwasindikiza hadi kwenye leseni ya daraja la chini.

Makueni imesifiwa kwa mfumo wake wa kuwashirikisha wananchi katika bajeti kuanzia ngazi ya kijiji. Mikutano iyo hiyo inaweza kutumika kueleza, kwa Kikamba na Kiswahili, kwamba swichi ya ukutani si kinga na kwamba nyeusi si lazima iwe nyutro. Kitui, yenye vijiji vilivyotawanyika zaidi, ina machifu, shule na redio za lugha ya wenyeji.

Kenya Power na REREC nazo zina wajibu. Kila mita mpya ingekuja na karatasi moja ya kubandikwa kando ya swichi kuu, yenye jina la fundi aliyefunga nyaya, nambari ya leseni yake, rangi alizozitumia, na kama kuna sola ndani ya nyumba. Anayepanda ngazi mwaka wa 2035 angejua alichokikusudia aliyemtangulia, kisha akakipima mwenyewe.

Watengenezaji na waagizaji wa taa wasiachwe nyuma. Taa inayouzwa Kenya ikiwa na maelezo ya Kichina au Kiingereza pekee haimsaidii mnunuzi wa soko la Kabati au Emali. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina uwezo wa kudai mchoro wenye maelezo ya Kiswahili ndani ya kila kasha, unaolinganisha rangi za zamani na mpya.

Kila mwaka, makadirio ya matumizi ya fedha za kaunti hujadiliwa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Wakazi wa Kitui na Makueni watakapoitwa kutoa maoni, wengi wataomba nguzo zaidi na transfoma zaidi, na wana haki. Waombe pia fundi aliyefunzwa katika kila wadi, na wadai kujua ni wangapi wamepata leseni kabla ya mwaka huo wa fedha kufungwa.